Hoja Aliyomwongezea Mpinzani Wake

Mke wangu alifundisha falsafa chuo kikuu: lipi jema, lipi haki, kwa nini mtu aitii serikali. Mimi ni fundi wa makochi. Shule sikwenda, herufi hizi alinifundisha yeye.

Darasani kwake kulikuwa na sharti moja. Hupingi hoja ya mwenzako mpaka kwanza uieleze vizuri, mwenyewe akubali kwamba ndiyo hiyo. Hata nyumbani tulibanwa hivyo hivyo. Ugomvi wetu ulichelewa kuanza, mwingine ukafia njiani.

Mwaka alioomba uprofesa, alitetea kitabu chake mbele ya jopo. Nilikaa nyuma. Kitabu kilisema anayeishi nchini na kutumia barabara zake amekubali sheria zake. Mwenzake wa idarani, tuliyemwita Miwani, alimpinga: aliyezaliwa humo hakuchagua, atakuwaje amekubali?

Mke wangu akairudia hoja ile polepole. Kisha akasema, "Na hata mlango wa kutoka nchini ukiwa wazi, kama huko nje huna pa kulala, kubaki si kukubali."

"Hilo la mwisho sikulisema, dada," Miwani akasema.

"Najua. Nimekuongezea. Hoja yako ilikuwa inachechemea."

Ukumbi ukacheka. Mke wangu hakucheka. Aliweka kidole mdomoni, nikajua mambo yameharibika.

"Sasa imenishinda," akasema. "Sura ya tatu ya kitabu changu haisimami tena."

Nyumbani binti yetu aliwaka. "Mama, si ungemjibu tu!"

"Ningemjibu nini?"

"Chochote! Profesa mzima unakosa la kusema?"

"Profesa bado, mwanangu. Na leo naona uprofesa wenyewe nimeutimua."

Kweli, walimnyima. Siku hiyo alilala usingizi mzito; mimi ndiye niliyegeukageuka. Asubuhi nilimkuta mezani anaandika upya, mchangamfu kama kaajiriwa jana.

Miaka ikapita. Kitabu cha pili kilikipinga cha kwanza bila huruma, na hicho ndicho kilichompa uprofesa. Wa kwanza kumuunga mkono alikuwa Miwani.

Kwenye shukrani alimtaja Miwani kabla yangu. Nikanuna.

"Baba watoto," akasema, "wewe umewahi kunishinda lini?"

Nilifikiri sana, sikuipata hata siku moja. Alicheka mpaka akajifuta machozi.

Tumemzika mwaka huu. Kwenye kaburi nimeandikisha Profesa, mbele ya jina lake. Mwenyewe angebisha, na angenishinda tena. Neno hilo nimeliacha.