Ua la Shaba la Nchi ya Baridi

Kwetu Lubumbashi, katika familia yetu, hakuna aliyepiga jembe la kwanza kwenye shamba jipya kabla baba hajalitembea. Baba amezeekea kwenye mgodi. Mashamba yetu yote ya Annexe, pembeni mwa mji, aliyapita hivyo hivyo, mikono nyuma, macho chini, akitafuta ua moja dogo la zambarau. Ua hilo huota pale miti inapokataa kuota, kwa sababu udongo umejaa shaba. Akiliona, anageuka, na mahindi yanatafutiwa mahali pengine. Mwaka mmoja nilimbishia, nikapanda. Mahindi yaliishia magotini, manjano tupu, nami nikakoma.

Kisha baba akaanza kusahau. Mwaka jana dada yangu, anayeishi Norwei na watoto wake wawili, alipata kipande cha ardhi kando ya kilima, akataka kupanda viazi na mboga. Akaomba baba akitembee kwa video. Nilicheka. Asubuhi hiyo hiyo baba alikuwa amemuulizia mama, tuliyemzika zamani. Nilimshikia simu ili kumridhisha dada tu.

Kwanza alisema baridi hiyo inaua mtu. Halafu akainamia simu.

"Teremusha simu, mama," akamwambia binti yake. "Chini. Chini tena."

Udongo ulikuwa mtupu, wenye mawe. Miti iliishia mbali. Katikati palikuwa na vimaua vya rangi ya waridi.

"Usipande hapa," baba akasema.

Dada alimweleza kwa upole kwamba hilo si ua letu. Letu ni la ukoo wa mrehani. Hilo ni la ukoo mwingine kabisa, amelisoma kitabuni, na huku kwetu halioti. Baba akaudhika.

"Mi siulizake baba yake ni nani. Naulizaka kwenye inaikala." Yaani, si ukoo wa ua, ni mahali linapokaa.

Tulipokata simu tulikubaliana, mimi na dada, kwamba mzee anachanganya mambo. Lakini watoto ndio wangekula mboga hizo, kwa hiyo dada akaenda kumuuliza jirani, bibi mmoja mzaliwa wa pale. Bibi alishangaa: huyo mzee amejuaje? Mgodi wa shaba ulikuwa kilimani zamani, na takataka zake zenye sumu zilimwagwa papo hapo. Wachimbaji wa kwao nao walikuwa wakitafuta shaba kwa kulifuata ua hilo la waridi.

Maua mawili yasiyo na undugu, moja la jua letu na moja la theluji, kila moja limejifunza peke yake kuishi pale mengine yanapokufa. Na watu wasiojuana, huku na huko, wameinama wakayasoma. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba nikiwa na hofu kama ya kanisani, na aibu pia.

Dada alipiga tena kumwambia baba kwamba alisema kweli. Baba alimsikiliza kwa adabu. Hakukumbuka shamba wala ile simu ya kwanza. Alimuuliza kama ameshaolewa. Dada akashindwa kuzuia machozi. Kisha akamwonyesha tena picha ya kile kilima.

Baba akaisogelea. Kidole chake kilipita juu ya mawe polepole, kikasimama kwenye ua.

"Batoto batakula bya hapa?" akauliza. "Usipande, mama."