Jaribio Langu na Mzigo wa Mawengi

Nilikuwa na kiburi. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitoka hapo, na kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii watu hukimbilia kuilaumu kompyuta.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, vyama vya ushirika vimejifia na kila mwenye lori Makambako amegeuka msambazaji wa mbolea. Tajiri wangu, ambaye mji mzima ulimwita Hajji, alikuwa na malori matano na kompyuta moja iliyokwishatumika, iliyoletwa kutoka Dar es Salaam imeviringishwa kwenye blanketi. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu niliyesomea kompyuta mjini, naye akaniajiri nimwandikie programu ya kuchapa hati za mizigo. Unaandika jina la programu, unaacha nafasi, unaandika mzigo unakokwenda, unabonyeza kitufe, hati inatoka kwenye printa kwa kelele. Kwa Makambako ya wakati ule, nilikuwa mtu.

Aliyeitumia programu yangu ni karani wa ofisi, mzee wa Kibena kutoka upande wa Kidugala, mzee wa kanisa katika usharika wake wa Kilutheri. Aliandika hati kwa mkono miaka mingi kwenye chama cha ushirika. Chama kilipokufa, Hajji akamchukua. Kila asubuhi alinisalimu, "Kamwene, mwanangu," akanimegea kiazi chake cha kuchemsha, kisha akaanza kuidonoa kibodi kwa kidole kimoja. Nilimpenda, na kimoyomoyo nilimcheka. Nilimwambia asijisumbue kuzisoma hati kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa mashine haihitaji kusahihishwa.

Makarani na madereva wa kwetu hawataji kijiji kikavu. Hutanguliza njia. Bulongwa unaweza kuifikia kwa kupitia Njombe au kwa kupitia Chimala, kwa hiyo husema "Njombe Bulongwa" na dereva anajua ashike barabara ipi. Mawengi nayo ni "Njombe Mawengi". Mimi nimezaliwa nyanda hizo hizo, nimekua nikiyasikia hayo, lakini nilipokaa kuandika programu nilijiona msomi wa mjini. Niliiandika isome neno la kwanza tu linalofuata jina lake, bila kuwaza kuwa kuna siku yangefuata mawili. Majuma mawili ya mwanzo mizigo ilikwenda Iringa, Songea na Mbeya, neno moja moja, na sikusikia lalamiko lolote.

Kisha ukaja mzigo wa Mawengi: mbegu ya mahindi na mbolea ya kupandia, mvua zimeshaanza. Karani aliandika "Njombe Mawengi". Hati ikatoka imeandikwa Njombe. Akaitia sahihi bila kuisoma, kama nilivyomfundisha. Dereva, mgeni kutoka Tanga, akashusha magunia kwenye ghala la Hajji mjini Njombe na kurudi zake. Huko Mawengi watu walikaa na mashamba yaliyolimwa tayari, wakisubiri. Mpaka mzigo ulipogunduliwa, wakati wa kupanda ulikuwa umewapita. Wazee watatu walisafiri hadi Makambako kuja kuuliza kosa lao ni nini.

Hajji alituita wote mbele ya kompyuta, na wale wazee pia.

"Hajji, mimi niliandika Njombe Mawengi," karani alisema. "Mungu ni shahidi wangu."

"Binti, mashine yako inasemaje?"

Nilikuwa na programu ya kuchunguzia programu nyingine, tuliiita debaga. Unaiendesha programu yako ndani yake hatua kwa hatua, uone inapojikwaa. Kwa kuwa humo huandiki amri kama kawaida, kuna kisanduku cha kuyaandika yale maneno ambayo programu ingepewa. Asubuhi ile nilikwisha kuijaribu peke yangu kwa neno moja, Mawengi. Sasa, watu wamesimama mgongoni mwangu, nikafuta, nikaandika "Njombe Mawengi", taratibu, ili kila mmoja aone. Debaga ikaniuliza kwa Kiingereza kama iipakie programu upya ili maneno mapya yaanze kutumika. Sikulisoma swali hadi mwisho. Nikajibu hapana, kama mtu anayefukuza nzi.

Maneno mapya yalibaki kisandukuni, yanaonekana. Programu ikapewa lile neno moja la asubuhi. Printa ikalia, hati ikatoka: Mawengi. Neno Njombe halikuwepo, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Lakini tulikuwa tunaitafuta Mawengi, na Mawengi tuliipata.

"Mashine haikosei, Hajji," nikasema.

Karani aliishika ile hati kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. "Basi labda nimezeeka," alisema. Jioni hiyo alikusanya vitu vyake, akaniaga vizuri, na mimi nilijiona mwenye huruma kwa kumsindikiza hadi stendi.

Haukupita mwezi. Karani mpya aliandika "Njombe Bulongwa", hati ikatoka Njombe, na dereva mmoja wa Makete, aliyejua mzigo ni wa Bulongwa, akaikataa hapo hapo. Mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilifungua debaga, nikaandika maneno yale mawili, nalo swali likaja lile lile. Safari hii nililisoma lote. Nikajibu ndiyo. Programu ikapokea maneno mawili, ikachukua la kwanza, na la pili likabaki pale bila kuulizwa na mtu.

Nilimweleza Hajji siku hiyo hiyo, nikilia. Hakunifokea, na heri angenifokea. "Nenda kamlete," alisema. "Mwambie kiti chake kipo."

Nilimkuta mzee shambani akipalilia maharage. Aliniletea kigoda, akasimama kunisikiliza, jembe mkononi. Nilimweleza yote, hata lile swali nililolijibu bila kulisoma.

"Kwa hiyo siku ile niliandika sawasawa?"

"Uliandika sawasawa, baba. Mashine nayo ilifanya nilivyoiamuru. Aliyekosa ni mimi, na aliyesema uongo mbele ya watu ni mimi."

Nikamwambia Hajji anamwita. Akatikisa kichwa. Nikasema Jumapili nitakuja kanisani kwake, nisimame nimsafishie jina. Hapo ndipo alipokaa chini, palepale kwenye tuta.

"Jina nilishalichafua mwenyewe," alisema. "Nilikaa nikifikiri habari za watu wa Mawengi na watoto wao, mpaka nikajiona kabisa, kidole changu kinaandika Njombe na kuishia hapo. Nikasimama mbele ya usharika nikatubu. Nikauacha uzee wa kanisa. Mchungaji akaniombea, watu wakanishika mkono."

Aliling'oa gugu lililokuwa karibu na mguu wake, akalipangusa udongo, akalishika tu.

"Siku ile nilirudi nyumbani mwepesi, mwanangu, nikalala usingizi. Nilijua nimesamehewa. Sasa umekuja, na mimi sijui nilisamehewa nini."