Mahindi Kwenye Maabara

Uvumilivu wangu uliishia kwenye kikao cha wazazi, pale mwalimu wa taaluma aliposema mabinti wa huku milimani hawana moyo wa sayansi. Alisema kwa upole, kama anayetaja hali ya hewa. Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Nikasimama.

"Mwalimu, mle maabara mna nini?"

"Vifaa, mama."

"Na nini kingine?"

Akamtazama mkuu wa shule. Mkuu akatazama dirishani. Mama mmoja nyuma yangu akanivuta khanga. "Kaa chini wewe, mtoto bado yuko mikononi mwao."

Kingine ni mahindi. Kila mzazi pale alijua, maana kila mzazi ameyapeleka mwenyewe, debe kichwani, mchango wa chakula cha mchana. Maabara ndicho chumba pekee chenye mlango wa chuma na sakafu isiyo na ufa, kwa hiyo panya hawaingii. Wanafunzi nao hawaingii. Vifaa viko kwenye maboksi yake chini ya magunia, ili mkaguzi akija avikute vizima.

Jengo tulilijenga wenyewe, kwa msaragambo. Baragumu likilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu. Nilibeba mchanga kutoka mtoni kupandisha ule mlima, binti yangu wa darasa la tatu akinifuata na kindoo chake. Akaniuliza maabara ni nini. Nikamwambia ni chumba cha kujaribia vitu. Mimi mwenyewe nilimaliza kidato cha nne bila kuingia hata kimoja. Fizikia niliisoma ubaoni, kama habari za nchi ya mbali.

Sasa binti yuko kidato cha pili. Likizo moja alikwenda kwa bibi yake Kihurio, kule tambarare, akarudi na swali. Maharage ya bibi yanaiva upesi. Huku juu, maharage yale yale, kuni zile zile, yanakaa jikoni mpaka watu wanasinzia. Nikamwambia ni maji ya huku. Hakuridhika. Tulipoteremka tena alibeba maji yetu kwenye dumu, akayatumia kupikia maharage kwa bibi. Yakaiva upesi vilevile.

"Basi si maji, mama. Ni huku juu penyewe."

Akalipeleka swali lake kwa mwalimu wa fizikia, akaomba na kipimajoto, apime maji yanapochemka. Akajibiwa, "Hilo halitoki kwenye mtihani. Na kipimajoto kiko ndani." Ndani, maana yake chini ya mahindi.

Hakuuliza tena. Mwisho wa mwaka wanachagua, sayansi au sanaa, na jioni moja akichambua mchicha akaniambia ameshaamua. "Sayansi ni kukariri tu, mama. Kama ni kukariri, bora historia. Angalau ina watu."

Hayo nikayasema kikaoni, yote, mpaka maharage. Mkuu wa shule akangoja nimalize.

"Mama, tukiyatoa mahindi, watoto wale nini?"

Watu wakacheka.

"Wale mahindi, mwalimu. Ila yakalale kwako. Nyumba yako ina stoo, mlango tuliubeba sisi."

Wakacheka zaidi, safari hii bila kumtazama. Mkuu akasema suala langu limepokelewa, tukaingia kwenye ajenda ya jezi za mpira.

Kesho yake nikaenda ofisi ya kata. Mtendaji ni mtu wa umri wa baba yangu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaisoma karatasi yangu taratibu.

"Mwanangu, haya ni maoni au malalamiko?"

"Malalamiko."

"Maoni ni rahisi kuyajibu."

"Ndiyo maana sikuandika maoni."

Akagonga mhuri, akanipa nakala. Nimeandika hivi:

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Nalalamika kwamba maabara tuliyoijenga kwa msaragambo inatumika kama ghala. Naomba mahindi yahamishwe na maboksi yafunguliwe kabla watoto hawajachagua masomo. Kama haiwezekani, mlangoni paandikwe GHALA, na shule isiseme tena kwamba binti yangu hapendi sayansi. Kuyabeba magunia niko tayari. Debe langu limo."