Unga wa Heshima

Nilirudi Rumonge, kwetu kando ya ziwa, mwaka wa uhuru nikiwa na diplome ya ufundi wa mashine, ya kwanza katika mtaa wetu wa Waswahili, na hakuna aliyenibeba. Ubelgiji nilifua mashuka ya hospitali alfajiri, nikaingia darasani mikono ikinuka sabuni, na bado niliwapita wengi waliozaliwa hukohuko. Nayasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu majivuno hayohayo nusura yaniue.

Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa na ugonjwa. Mwaka wangu wa pili huko nilikonda hadi suruali ikashikiliwa na kamba. Nilikuwa naharisha kila siku, na vidole vikifa ganzi. Daktari mmoja mzee alinipima sana, kisha akasema ni ngano. Mwili wangu ukipata ngano unageuka kujipiga wenyewe. Tumbo linajichubua kwa ndani, na chakula kinapita bila kuacha kitu. Dawa hakuna. "Usile mkate tena maisha yako yote," alisema. "Hata kidogo." Nikaacha, nikapona, nikamaliza shule, ingawa katika barua za nyumbani niliendelea kuandika kwamba nakula mkate.

Safari ya meli ilinirudisha nyuma, maana hata supu zao zilikuwa na unga. Nilifika nimekwisha. Kazi ilikuwa inaningoja, fundi mkuu wa kiwanda cha kukamua mawese upande wa Kizuka, lakini daktari wa serikali kule Usumbura alinipandisha kwenye mzani akatikisa kichwa. Nirudi baada ya wiki sita, akasema, na nikiwa chini ya kilo hamsini na tano nafasi atapewa mwingine. Nilikuwa na hamsini.

Sikuogopa siku hiyo. Nyumbani ni muhogo, ndizi, mchele, na samaki wa ziwani, mikeke na ndagala. Ngano itanikuta wapi?

Mama alikuwa ameninunulia mkate dukani kwa Mwarabu. Sebule ilijaa majirani waliokuja kunitazama. Ningeweza kusema naumwa. Badala yake nilisukuma sahani nikasema, "Mama, mkate nimeuchoka. Nimekula mkate wa Wazungu miaka minne. Nipe bugali." Watu wakacheka, wakapiga makofi, nami nikajiona mkubwa. Mama hakucheka.

Kila Jumamosi nilikwenda kujipima mahali wanaponunua chikichi za kukamulia mawese, kwenye mzani wa kupimia mafungu yake. Mpimaji alikuwa mtu wa mdomo.

"Amahoro, muheshimiwa! Diplome umeiacha nyumbani? Ilete tuipime nayo, itakuongezea."

Jumamosi ya kwanza, hamsini. Ya pili, arobaini na tisa.

"Iko shida gani kwenu?" akaniuliza. "Mama yako hapiki?"

Nilirudi nyumbani nikihesabu kila nilichokula. Tumbo lilikuwa limeanza tena, na asubuhi vidole vya mkono wa kulia havikuhisi kifungo cha shati. Nikaanza kupunguza. Niliacha mawese nikidhani ni mafuta. Niliacha mikeke. Nilichemsha maji, nikawa na sahani yangu na kijiko changu, nikalala mchana kama mtoto mchanga, nikatembea hadi ziwani kila asubuhi, maana yule daktari mzee wa Ubelgiji alisisitiza kutembea. Nilibakiza bugali na sombe tu, majani ya muhogo. Nikazidi kukonda. Mimi, mtu wa mashine na vipimo, siku moja nilijikuta nimeinua godoro nikitafuta kama kuna aliyeniwekea kitu.

Wiki ya tatu nilikimbilia Kigwena kwa shangazi, dada ya marehemu baba. Kule nilikula kila kilichokuja: bugali, samaki, ndizi, mawese mekundu yanayochuruzika. Nilikaa siku kumi. Tumbo likatulia. Niliporudi mzani ukasema hamsini na mbili, na mpimaji akanipa mkono. Wiki moja baadaye, nyumbani kwetu, nikashuka tena hadi hamsini.

Basi kitu kilikuwa katika nyumba yetu. Zilibaki siku kumi.

Siku hiyo sikungoja chakula kiletwe. Nilipotoka kwenye mzani nilipitia uani moja kwa moja hadi jikoni. Mama alikuwa anachekecha unga wa muhogo, mgongo kwangu. Akafungua fundo la kanga, akatoa kifurushi cha karatasi, akachota konzi mbili za unga mweupe, mweupe kuliko chumvi, akachanganya.

"Mama, hiyo ni nini?"

Akashtuka, kisha akakasirika kwa kushtuliwa. "Unga wa dukani. Wa heshima."

Niliukumbuka hapo. Kwetu akija shehe, au mkwe, bugali la muhogo hutiwa konzi ya unga wa ngano ili liwe jeupe na laini, mgeni asione ufukara. Nilikuwa nimelila hivyo kwenye harusi tangu utoto.

"Tangu lini unanitilia?"

"Tangu ulipofika. Unadhani sikuelewa? Ulikataa mkate mbele za watu ukasema unataka bugali. Nikasema, mutoto wangu ananionea huruma, hataki nitumie pesa. Miaka minne unaandika barua, mkate asubuhi, mkate jioni. Sasa nikupe bugali la mvuvi?"

"Mama, ngano inaniua."

"Mbona watu wote hawafi?"

Nikakaa chini kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, nikamweleza yote: kuharisha, kamba ya suruali, vidole. Alisikiliza mikono ikiwa na unga hadi viwiko.

"Na shangazi yako je? Alijua?"

"Hapana. Yeye ananihesabu mtu wa nyumbani tu. Hakunitilia cha heshima."

Akacheka kwa uchungu. "Miaka yote hiyo ya shule, na ukashindwa kusema 'mama, naumwa'?"

Akasugua sufuria na mwiko kwa majivu mara tatu. Kisha akatoka nje, na kabla sijamzuia alikuwa ametangaza mtaa mzima, mlango kwa mlango, kwamba mwanawe wa diplome ni mgonjwa, atakayempa chapati atamjibu yeye. Nilitamani ardhi ipasuke. Jumamosi mpimaji alinipokea bila utani wowote, na hilo liliniuma zaidi.

Usumbura nilipanda mzani nimefumba macho. Hamsini na tatu na nusu. Nilimweleza daktari kila kitu, kwa Kifaransa safi, bila kuficha. Akaandika kwa muda mrefu, akaniongezea mwezi mmoja. Mwezi ulipokwisha nilikuwa na hamsini na saba, na kazi ikawa yangu. Niliifanya miaka kumi.

Mwaka wa sabini na mbili, tulipokimbia mauaji kwa mtumbwi, mama aliketi juu ya mfuko wa unga wa muhogo, hakumruhusu mtu kuugusa. Diplome ilibaki ukutani. Ng'ambo ya ziwa, foleni ya kwanza tuliyopanga ilikuwa ya mkate. Kila mtu alikuwa na njaa, nami pia, na mkate ulikuwa wa moto. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu nisiowajua:

"Mimi naumwa. Siwezi kula huu."