Ni Mtoto Wetu Tu

Zulia la sebule yetu kule Woodbridge, Amerika, lilikuwa na harufu ya mawese, na halikuiacha kamwe. Mama alilisugua kwa kila sabuni iliyouzwa dukani, akafungua madirisha hata wakati wa baridi, lakini Jumamosi ikifika akina mama walirudi na sufuria zao za sombe, kisamvu cha kwetu, na kazi yote ikawa bure. Walikuwa wanawake wa Uvira, Bukavu na Bujumbura. Walitoka mazoezi ya kwaya, wakaketi chini wamekunja vitenge magotini, wakanisubiri mimi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na nilikuwa mwalimu wao wa alama za barabarani.

Asiyeijua Woodbridge ataona hilo ni jambo dogo. Pale, mtu asiye na gari ni mfungwa. Duka liko ng'ambo ya barabara isiyo na njia ya miguu, basi hupita likipenda, na wazee ambao mama zetu walilipwa kuwatunza waliishi mbali kwenye nyumba zenye bustani. Kitabu cha sheria za barabarani tulichopewa kilikuwa cha Kiingereza. Basi nikawachorea alama kwenye maboksi ya nafaka, nikageuza viti vya jikoni kuwa magari, tukajifunza nani ampishe nani kwenye njia panda. Mkaidi kuliko wote alikuwa Mama Solange, jirani yetu wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, huko kwao Uvira. Hakukubali kabisa kwamba kibao chekundu kinaweza kumsimamisha mtu mzima mahali pasipo na mtu. Siku za katikati ya wiki niliwasindikiza kliniki, nikawasemea kwa daktari mambo ambayo msichana wa umri wangu hakupaswa hata kuyasikia. Niliifanya kazi ile vizuri, na sioni haya kusema hivyo.

Majira yale ya kuchipua, chavua ya njano ilipofunika magari yote ya maegesho yetu, shule ilifungua milango ya chama cha wanafunzi bora. Masharti yalikuwa alama nzuri, tabia njema na saa za huduma kwa jamii. Alama nilikuwa nazo. Baba, aliyekuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege wa Dulles, alikuwa ameonyeshwa picha ya binti wa msimamizi wake amevaa skafu ya dhahabu ya chama hicho siku ya mahafali. Alirudi nyumbani akaniuliza kama mimi nami nitaivaa. Nikamjibu kwamba nitaivaa, na tangu siku hiyo skafu ile haikuwa yangu peke yangu.

Kulikuwa na sharti moja dogo. Saa za huduma zilitakiwa kuthibitishwa na mtu mzima asiye ndugu wa mwanafunzi. Mwenzangu wa darasani, Paige, alizipata zake kwa kuchana manyoya ya mbwa wasio na mwenyewe, mama yake akimpeleka na kumrudisha kwa gari. Sina ugomvi na mbwa, wala na Paige, aliyekuwa msichana mwema na mara nyingi alinigawia chakula chake. Ila mbwa wale walikuwa na ofisi yenye simu na katibu, na akina mama wangu hawakuwa na ofisi. Nikamtaja Mama Solange awe shahidi wangu.

Bi Hanlon, mwalimu mlezi wa chama, akampigia simu kupitia mkalimani. Mimi sikuwepo. Habari nilizipata jioni ile kutoka kwa Mama Solange mwenyewe, aliyepanda ngazi hadi kwetu uso umemng'aa kama mtu aliyeshinda kesi. "Balinipigia telefone, ba ku masomo yako," alisema kabla hajaketi. "Banauliza kama unanifanyiaka kazi! Nikabaambia hapana, ata siku moya. Ule ni mutoto yetu tu. Hakuna kazi alifanya." Mama akamshukuru, akamwekea chai.

Msimcheke. Tangu tulipofika Amerika tuliambiwa kwamba serikali huchukua watoto wanaotumikishwa, kwa hiyo aliposikia mgeni akiulizia kazi za mtoto, alijua huo ni mtego na akaukwepa. Tena kwetu mtu hamsifu mtoto wake mbele ya wageni, chema chajiuza. Wala msaada wa mtoto hauhesabiwi, kinachohesabiwa ni kazi ya kijakazi. Mama Solange alikuwa amenitetea kwa adabu yote aliyofunzwa na mama yake. Nilijua hivyo, na bado nilijifungia bafuni nikalia kwa hasira mpaka mdogo wangu akagonga mlango akitaka kuoga.

Bi Hanlon aliniita, akaniambia kwa sauti ya upole kwamba huduma kwa familia haihesabiwi. Nikamweleza kwamba Mama Solange si damu yangu, tulikutana naye kwenye chumba cha kufulia nguo cha jengo letu. Akajibu kwamba kama ni hivyo, aje aseme mwenyewe, kwa kuwa sheria ni moja kwa wote. Maneno hayo matano yamenikera maisha yangu yote. Sheria ilikuwa moja, sawa, lakini ilimtaka kila mtoto alete mgeni wa kumshuhudia, na sisi tulikuwa tumefanya bidii miaka yote ili tusibaki wageni. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Chama kile kilitutaka tufaane kwanza, halafu tuukane undugu.

Baba alinishauri nisishindane na wenye nchi. Mama alishuka kwa Mama Solange akamweleza jinsi jibu lake lilivyopokewa. Yule mama akajipiga mapaja, akasema ameniharibia maisha, akaapa atakwenda shule kusema lolote watakalo. Kweli alikuja, kwa miguu, kando ya barabara ya magari, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Siku hiyo mkalimani wa simu hakupatikana, na Bi Hanlon akaniomba nitafsiri mwenyewe. Swali lilikuwa moja tu, kama mimi ni mtoto wa familia yake.

Nikamtafsiria. Mama Solange akatazama mikono yake. Binti yake, ambaye angekuwa rika langu, alizikwa kwenye kambi ya wakimbizi kabla hawajapata ndege ya kuja huku, na kila mtu katika jengo letu alijua kwa nini aliniwekea mimi finyango kubwa kila Jumamosi. Kisha Mama Solange akasema polepole, "Hapana. Huyu si mutoto yetu." Nyuma ya Bi Hanlon skafu ya dhahabu ilining'inia ukutani, imepigwa pasi vizuri. Hasira niliyoisikia wakati ule sijawahi kuisikia tena. Nilimgeukia mwalimu, nikamwambia kwa Kiingereza, "Anasema ndiyo. Mimi ni mtoto wao."

Mama Solange alijua Kiingereza cha ndiyo na hapana. Akanishika mkono akauliza nimesema nini. "Nimesema kweli," nikamjibu. Bi Hanlon akafunga jalada langu, akasema anasikitika. Naamini alisikitika kweli, lakini masikitiko yake hayakunivisha skafu. Baba alininunia wiki nzima, na mpaka leo kisa hiki kikitajwa hutikisa kichwa. Mama Solange naye alifeli mtihani wa leseni, akarudia, hatimaye akafaulu. Siku ya mahafali yangu ndiye aliyewaendesha wazazi wangu, na kwenye kila kibao chekundu aliwapisha watu wote, hata wasiostahili kupishwa, hivyo walifika jina langu limekwisha kuitwa. Nilipita jukwaani shingo tupu. Sikujuta siku ile, na leo sijuti.

Sasa naishi Falls Church, nafanya kazi ya kompyuta, na zulia langu halinuki chochote, jambo ambalo wakati mwingine hunisikitisha. Hospitali siku hizi zina mkalimani ndani ya kioo cha tableti. Akina mama wapya bado wanaogopa kukiambia kioo mambo yao, kwa hiyo Josiane, binti wa jirani zangu Warundi, huwasindikiza akitoka shule, na siku nisizo na kazi nami huwa pamoja nao. Josiane anaelewa Kiswahili chote, ila mara nyingi hunijibu kwa Kiingereza. Yeye pia anakitaka chama, katika shule nyingine, na sharti ni lile lile. Aliponitaja kuwa shahidi wake nilimketisha nikamsimulia habari za Mama Solange, nikamwambia kwamba akitaka nitasema kazi ameifanya ila simjui, asipotaka nitasema ni mtoto wetu tu, uamuzi ni wake. Aliwaza kidogo. "Sema yote mawili, Aunty," akasema. "They're both true." Yote mawili ni kweli.

Wiki iliyopita mlezi wa chama chao alinipigia, sauti changa, ya haraka. Aliniuliza kama Josiane ni ndugu yangu. Nikamwambia ndiyo, huyu ni mtoto wetu. Na kazi ameifanya, kazi ngumu, tena ameifanya vizuri. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, nikamwambia aandike yote mawili. Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta, kisha akasema kwamba fomu ina kisanduku kimoja tu. Nikamwambia aongeze cha pili, nitasubiri.