Kitabu Nilichokisifu Bila Kukimaliza

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa karani wa maktaba Sumbawanga, msichana kutoka Mbeya mwenye sweta moja na majivuno ya kuwatosha watu wawili. Mkuu wetu alikuwa na utaratibu wake: kila Jumamosi kila mfanyakazi aandike kikaratasi cha kusifu kitabu alichokisoma, akichomeke ndani ya kitabu hicho. Gari la sinema likija mjini tuliandika na cha sinema, tukakibandika mlangoni. Watu walituamini. Wengi walikuwa wametoka juzijuzi kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, na hawakuona kwa nini mtu aliyezungukwa na vitabu awadanganye.

Mimi niliwadanganya. Nilikuwa nasoma kurasa ishirini za mwanzo, kisha naandika.

Siku moja ya upepo akaingia mkulima kutoka Mwimbi, kofia mkononi. Mke wake alikuwa amelazwa wiki ya pili, hana nguvu hata za kushika kitabu.

"Nataka nimsomee, mwanangu. Kiwe cha kuchekesha. Mambo ya kuliza tunayo ya kutosha."

Nikampa hadithi ya fundi baiskeli na mkewe mgomvi. Kikaratasi changu kilisema: "Kinachekesha mwanzo hadi mwisho." Alikisoma kwa kidole, neno baada ya neno, akanishukuru kama nimempa dawa.

Baada ya siku nane alirudi. Shikamoo yangu aliipokea shingo upande.

"Ndugu mkutubi, hiki ulikisoma chote?"

Mtu aliyekuita mwanangu akianza kukuita ndugu, ujue umeharibu. "Nilikisoma," nikasema.

"Basi unajua kwamba mke wa fundi anakufa."

Nikainamisha macho kwenye kikaratasi changu, bado kimechomekwa kitabuni.

"Nimefika hapo, mke wangu ananitazama. Ningefanyaje? Nikatunga yangu. Yule mwanamke nikamponya, nikamrudisha nyumbani, akaanza kugomba upya."

Hakupaza sauti. Angepaza, pengine ningepata pa kujitetea. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Wiki mbili zikapita. Akaingia mwanamke mwembamba, amejitanda kitenge juu ya sweta, anatembea kwa kushika viti. Akataja kitabu kilekile. Nikajua ni nani.

"Kimeazimwa, mama," nikasema.

Akakinyooshea kidole kwenye rafu nyuma yangu.

"Mume wangu husoma kwa kidole," akasema. "Darasani mimi ndiye niliyekuwa namsahihisha. Siku ya mwisho kidole kilisimama mstari mmoja, na hadithi inaendelea. Nataka kujua alinificha nini."

Sikuwa na ujanja tena. Nikampa. Alisoma zile kurasa za mwisho palepale kaunta, na kabla hajamaliza nilikuwa nimeshamwomba msamaha, nikimweleza kwamba kosa ni langu, si la mumewe. Alifunga kitabu, akacheka kidogo, akafuta macho kwa pindo la kitenge.

"Mzee wangu si mtu wa maneno. Tangu anioe tunaongea mvua, jembe na ng'ombe. Siku ile, fundi alivyombembeleza mkewe arudi nyumbani, yale maneno sikujua kama anayo."

Kisha akaniambia Jumatatu anarudi hospitali, safari hii kwa upasuaji, na kwamba anaogopa sana.

"Atakuja tena kutafuta kitabu. Mpe kingine chenye mwisho mbaya. Na usimwambie."

Siku zile nilisoma vitabu vitatu mpaka ukurasa wa mwisho, mara yangu ya kwanza tangu niajiriwe, nikitafuta msiba. Nilipoupata, nikaandika kikaratasi: "Kinachekesha mwanzo hadi mwisho."

Akaja kweli. Maktaba ilikuwa moja, na karani wa zamu nilikuwa mimi. Akakigeuzageuza kitabu kwa mashaka.

"Hiki umekimaliza?"

"Nimekimaliza, baba."

Sikumwona tena kwa wiki nzima na siku kadhaa. Kila mlango ulipofunguka nilisimama. Alipoingia hatimaye alikuwa amekunja uso, na sikuthubutu kuuliza habari za mgonjwa. Akakibwaga kitabu mezani.

"Na hiki nacho hukukimaliza!"

"Sikukimaliza, baba. Nisamehe."

"Amecheka mpaka muuguzi akamkataza, eti nyuzi zitaachia. Lakini si kwa sababu yako." Akavaa kofia, akaivua tena. "Haya, nipe kingine. Na safari hii usome mpaka mwisho, mwanangu. Mimi nachoka kutunga."

Nikageukia rafu upesi, asinione uso.