Mlio Mmoja

Mtaani fundi simu huyu aliitwa Daktari, maana hakuna simu iliyofika mezani kwake mahututi ikamshinda. Mikono yake ilikuwa myepesi, hasira zake nyepesi zaidi, na kilichompandisha mori kuliko vyote ni kubipiwa. Dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa bingwa. Kila asubuhi simu ya Daktari ililia mara moja, ikakata.

"Dada, nunua vocha," alimfokea siku aliyokubali kumpigia. "Mimi si redio ya kuwashwa na kuzimwa."

"Vocha ninayo, mdogo wangu. Hii simu inakata yenyewe. Utanitazamia lini?"

"Ilete siku moja," alisema, akijua fika kwamba miguu ya dada ilishamgomea. Moyoni aliona ni visingizio tu.

Wiki mbili baada ya mazishi ya dada, shemeji yake aliileta simu ile ikaguliwe, wanawe waitumie. Daktari akabonyeza namba yake mwenyewe. Simu yake ikalia mara moja, ikakata.

Akaifungua ile ya dada. Chini ya kitufe chekundu cha kukatia palikuwa na unga wa ngano uliokauka. Dada alikuwa mtu wa kupiga simu huku akikanda. Brashi, spiriti kidogo, dakika tano, kazi imekwisha.

Akajaribu tena. Safari hii simu yake ililia, ikaendelea kulia, neno "Dada" likiwaka kwenye kioo.

"Imepona," shemeji alisema. "Kata basi."

Daktari aliitazama tu, akaiacha ilie mpaka ikachoka yenyewe.